UZI: Kitabu cha tano cha Suzanne Collins, mwandishi wa The Hunger Games, mwisho wake tunaujua tangu 2009. Kwa nini basi kinatukesha?

#1 Mwana_Shangani
Wakuu, salamu kutoka Mtwara. Onyo mapema: humu siri zitatoboka. Ambaye hajamaliza Sunrise on the Reaping afunge ukurasa, arudi akishamaliza.

Hoja yangu ni hii. Kitabu kilitoka Machi 18, 2025. Kinamhusu Haymitch, yule mlevi mzoefu wa Wilaya ya 12, enzi akiwa na miaka 16, kwenye Michezo ya Njaa ya 50, ile ambayo Capitol, mji mkuu unaotawala, huwatupa watoto wa wilaya uwanjani wauane mpaka abaki mmoja. Aliyesoma Catching Fire ya 2009 anajua habari nzima. Katniss na Peeta, mashujaa wa vitabu vya kwanza, wanatazama mkanda wake wakiwa ndani ya treni. Shoka linarushwa, linapita juu ya genge, linagonga ukuta usioonekana, linarudi kumpata kichwani msichana wa Wilaya ya 1 aliyelirusha. Mshindi tunamjua, silaha tunaijua, hata mahali tunapajua.

Halafu mtu mzima anasoma kurasa karibu 400 usiku kucha kama hajui kitakachotokea. Mimi nasema ndicho bora kuliko vyote vitano, tena kwa mbali. Mwenye maelezo aje nayo, na mwenye kubisha aje na sura mkononi.

#2 Mwl_wa_Ndanda
Mkuu, tuweke sawa kwanza. Ni cha tano cha Panem, ile nchi ya kubuni ya The Hunger Games, si cha tano cha Collins. Kabla ya Panem ana mfululizo wa Gregor, vitabu vitano, 2003 hadi 2007, wa watoto wadogo kidogo. Rekebisha kichwa cha uzi.

Kuhusu swali lako, jibu liko kwenye ufundi wa ujenzi. Kabla ya riwaya, yule mama alikuwa akiandika vipindi vya televisheni vya watoto, na anajenga kitabu kama mchezo wa jukwaani wenye maonyesho matatu. Chukua kitabu chochote cha ile trilojia, yaani vitabu vitatu vya kwanza: sehemu tatu, kila sehemu sura 9, jumla sura 27. Sunrise nayo ni hivyo hivyo, sura 27 pamoja na hitimisho fupi. Sehemu ya pili inaanza sura ya 10, ya tatu inaanza sura ya 19. Kila sura anaikata pale jambo linapoanza, haikati pale linapokwisha. Mtu unajiambia "namalizia hii tu nilale," kumbe hii imeshakukabidhi kwa ile.

Ukitaka kupima hoja yangu, angalia The Ballad of Songbirds and Snakes ya 2020. Ile ina sura 30, inasimuliwa kwa nafsi ya tatu, wakati uliopita. Ndiyo hiyo hiyo ambayo wasomaji wengi wanailalamikia kwamba sehemu ya tatu inaburuza. Sunrise amerudi kwenye nafsi ya kwanza, wakati uliopo. Haymitch anakwambia "naona", hakwambii "niliona". Unajua atapona, lakini yeye hajui.

#3 Dada_wa_Ligula
Mwalimu, ujenzi naukubali, ila haujibu swali. Trilojia nayo ina ujenzi huo huo, na kuirudia mara ya pili haikeshi mtu.

Kinachotukesha ni kwamba ule mkanda wa 2009 ulikuwa wa uongo. Hebu hesabuni yaliyokatwa. Siku ya kuchota majina ya watakaoingia Michezo, jina la pili la mvulana ni Woodbine Chance. Anakimbia, anapigwa risasi pale pale. Haymitch anaingizwa papo hapo kwa sababu alijaribu kumwokoa mpenzi wake, Lenore Dove, halafu wanarudia kurekodi uwanja mzima kama vile jina lake ndilo lililochotwa. Louella, msichana wa Wilaya ya 12, anakufa kwenye ajali ya magari ya farasi, Capitol wanaleta msichana mwingine anayefanana naye na kumvisha jina la marehemu. Kisha lile jaribio la kuvunja uwanja wenyewe kutoka ndani. Lote hilo kwenye mkanda halipo.

Kwa hiyo msomaji hasomi ili ajue nani alishinda. Anasoma vitabu viwili kwa pamoja, hiki kilicho mkononi na kile cha 2009 kichwani, na kila ukurasa anajiuliza hiki nacho kilikatwa wapi. Collins mwenyewe alisema aliongozwa na David Hume, yule mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, juu ya namna wachache wanavyowatawala wengi kirahisi. Mkanda uliohaririwa ndiyo hiyo njia rahisi yenyewe.

#4 Korosho_Ghafi
Mnazunguka bure. Kinatukesha huku Kusini kwa sababu kinatuhusu. Wilaya inachimba, Capitol inapika. Watu wa Mtwara waliokuwepo 2013 wakati wa sakata la bomba la gesi wakisoma habari ya wilaya inayotoa mali isiyobaki kwake, hawahitaji mwalimu wa fasihi awafafanulie. Wilaya ya 12 inatoa makaa ya mawe na usiku inakaa gizani. Nimemaliza.

#5 Kivinje_Moja
Hujamaliza, mjomba. Nyie wa Mtwara mnapenda kujifanya wa kwanza. Gesi ya kwanza kufika Dar ilitoka Songo Songo, Kilwa, mkoa wa Lindi, mwaka 2004. Bomba la Mnazi Bay na Madimba limezinduliwa 2015. Sisi hatukuandikiwa riwaya?

Halafu mlinganisho wenyewe unapwaya. Panem hakuna mnada, hakuna ushirika, hakuna hata pa kulalamikia bei. Mkulima wa korosho wa Tandahimba akiona bei mbovu anagoma kuuza na mnada unaahirishwa. Mchimbaji wa Wilaya ya 12 akigoma anachapwa mijeledi hadharani. Usiwape Capitol sifa ya kuwa kama Bodi ya Korosho, wala usiipe Bodi sifa ya kuwa kama Capitol.

#6 Korosho_Ghafi
Nimecheka. Haya, Kilwa kwanza. Hoja ya njaa inabaki lakini. Mtoto anaongeza karatasi za jina lake kwenye chungu ili nyumbani wapate nafaka na mafuta. Katniss alikuwa na karatasi tano, moja kwa kila mwaka, na bado...

#7 Hesabu_Tu
Simama hapo. Siyo tano.

Kanuni iko wazi kwenye kitabu cha kwanza. Ukifika miaka 12 jina lako linaingia mara moja, miaka 13 mara mbili, mpaka miaka 18 mara saba. Hizo ni za lazima. Ukichukua tessera, yaani mgawo mdogo wa nafaka na mafuta wa mwaka mzima kwa mtu mmoja, unaongeza karatasi moja kwa kila mgawo, na hazifutwi, zinajumlika mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo toa 11 kwenye umri, upate miaka ya kuchotwa. Zidisha kwa moja jumlisha idadi ya migawo.
Katniss, miaka 16, migawo mitatu (yeye, mama, mdogo wake Prim): 5 × 4 = 20.
Gale, rafiki yake, miaka 18, migawo mitano: 7 × 6 = 42. Namba zote mbili zimo kitabuni, hakiki.
Madge, binti wa meya, miaka 16, hana mgawo: 5 × 1 = 5. Hiyo tano uliyoitaja, Korosho, ni ya mtoto wa mkubwa.

Sasa uwezekano. Wilaya ya 12 ina watu kama 8,000. Tukadirie wasichana wa miaka 12 hadi 18 ni 600, na wastani wa karatasi 8 kila mmoja. Chungu kina karatasi 4,800. Katniss ni 20 katika 4,800, sawa na 1 kwa 240. Prim ni 1 kwa 4,800. Akatoka Prim. Kwenye Michezo ya 50 kila wilaya inatoa wasichana wawili na wavulana wawili, jumla watoto 48 badala ya 24, kwa hiyo hatari ya kila mtu inakaribia kuwa maradufu. Mwenye karatasi 20 anakuwa 1 kwa 120.

Namba hizo ni ndogo kuliko mtu anavyohisi akisoma. Hapo ndipo ufundi wake: hofu ya kitabu ni kubwa kuliko hesabu yake.

#8 Dada_wa_Ligula
Na ndiyo maana Haymitch kutochotwa kabisa kunauma zaidi. Hesabu yako yote nzuri hiyo, yeye haikumgusa. Karatasi yake haikutoka.

#9 Newala_Juu
Samahani wakuu, mimi ni wa filamu. Ile bruchi ya ndege Katniss si alipewa na yule bibi muuza supu sokoni? Huyu Maysilee wa Sunrise, wanayesema bruchi ilikuwa yake, anaingiaje?

#10 Dada_wa_Ligula
Hiyo ni filamu, kaka. Kitabuni bruchi anapewa na Madge, ambaye filamu ilimfuta kabisa. Ilikuwa ya shangazi yake Madge, Maysilee Donner, aliyeingia Michezo ya 50 pamoja na Haymitch na kufia uwanjani. Aliyetazama filamu tu anamwona Maysilee kama mhusika mgeni. Aliyesoma anaiona ile bruchi kwenye sura za mwanzo na moyo unamwenda mbio. Soma vitabu kabla ya Novemba 20, 2026, maana hiyo ndiyo tarehe iliyopangiwa filamu ya Sunrise.

#11 Mzee_Mikindani
Vijana, mimi nawapinga wote. Kinawakesha kwa sababu kinawabembeleza. Katika kitabu hiki kimoja, mvulana wa miaka 16 anakutana na Mags, Wiress, Beetee, Plutarch, Effie, wote wahusika wa ile trilojia, halafu rafiki yake wa nyumbani ni Burdock, baba yake Katniss. Panem nzima imekuwa mtaa mmoja wa Mikindani, kila ukipinda kona unamkuta mtu unayemjua. Riwaya nzuri inajitosheleza. Hii ukiitoa kwenye zile nne inachechemea.

Nakala milioni 1.5 za Kiingereza kwa wiki ya kwanza, ndiyo. Biashara imefanyika.

#12 Mwl_wa_Ndanda
Mzee shikamoo. Effie nakuachia, yule kaingizwa kwa nguvu. Lakini Beetee hapana. Mtoto wake Ampert, miaka 12, anatupwa uwanjani ili kumwadhibu baba. Baada ya kulijua hilo, yule Beetee mkimya wa vitabu vya nyuma unamsoma upya. Mags na Wiress kuwa walezi wa Wilaya ya 12 kuna sababu ya wazi: wilaya haikuwa na mshindi aliye hai wa kulea watoto wake.

#13 Mzee_Mikindani
Marahaba. Sababu ipo, nakubali. Sababu kuwepo si sawa na utamu kuwepo.

#14 Sauti_ya_Nachingwea
Hamjagusa nyimbo. Lenore Dove ni wa ukoo wa waimbaji, na jina lake limetoka kwenye shairi la Edgar Allan Poe, The Raven, la 1845, beti 18. Shairi hilo linapita ndani ya kitabu, na kuelekea mwisho beti zake zinaingiliana na simulizi: ubeti, aya, ubeti, aya. Anayesoma kimya kimya anazirusha beti afike kwenye habari. Hapo ndipo anapopoteza nusu ya kitabu. Someni kwa sauti, mapigo yake ni mazito na yanajirudia, na Haymitch anavyozidi kuchanganyikiwa ndivyo mapigo yanavyomshika.

Huku kwetu asiyejua kwamba wimbo unaweza kubeba somo ambalo halisemwi mchana ni nani? Ngoma za unyago zimefanya kazi hiyo miaka yote: maneno mepesi juu, onyo chini. Lenore Dove anaimba nyimbo zilizokatazwa kwa mtindo huo huo. Mtoto wa Nachingwea anamwelewa haraka kuliko mtoto wa mjini New York.

#15 Mwana_Shangani
Hapo umepiga penyewe. Ila nyimbo hazinielezi zile pipi.

#16 Dada_wa_Ligula
Usiniguse na zile pipi.

Kwa ambaye hajaelewa: Mockingjay (2010) ilishasema kwamba ndani ya wiki mbili baada ya Haymitch kutawazwa, mama yake, mdogo wake na mpenzi wake walikuwa wamekufa wote. Tulijua. Hatukujua jinsi. Anamkuta Lenore Dove kwenye majani, mfuko wa pipi laini uko pembeni, anadhani ni zile alizomnunulia mwenyewe. Anamlisha moja kwa mkono wake. Ndipo anaona zote ni nyekundu. Collins anatuonyesha kwa rangi tu.

#17 Hesabu_Tu
Hili linampa nguvu Dada wa Ligula na kumnyima pia. Pipi hazikuwa kwenye mkanda, sawa. Lakini kifo hakikukatwa na mhariri yeyote, kilisemwa wazi 2010. Kwa hiyo si "mkanda uliohaririwa" unaotukesha pale.

#18 Dada_wa_Ligula
Kilisemwa kwa mstari mmoja. Mstari mmoja nao ni uhariri.

#19 Masasi_Mpya
Jamani, msomaji mpya aanze wapi? Na sisi tuko wanane, nakala mbili tu. Tunagawanaje?

#20 Mwl_wa_Ndanda
Fuata mpangilio wa kutoka: The Hunger Games (2008), Catching Fire (2009), Mockingjay (2010), Ballad (2020), Sunrise (2025). Msishawishike kufuata miaka ya Panem, yaani kuanza na Ballad ya Michezo ya 10, kisha Sunrise ya 50. Hitimisho la Sunrise linaruka mbele mpaka baada ya vita na linawaonyesha waliobaki hai. Ukilisoma kwanza, umeua Mockingjay nzima. Na Ballad isiachwe, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini Rais Snow anamchukia msichana mwimbaji kwa chuki ya kibinafsi vile.

Kwa wanane na nakala mbili: nakala moja watu wanne. Sura 3 kwa wiki, kama kurasa 42. Anayesoma Kiingereza kama lugha ya shule huenda kurasa 20 kwa saa, kwa hiyo ni saa mbili na ushee. Kila mtu akae na nakala siku moja na nusu, mara nne ni siku sita, siku ya saba kikao. Wiki 9 sura zimeisha, kikao cha kumi ni cha hitimisho.

Yanayoharibu ni matatu. La kwanza, mtu wa nne kwenye zamu daima anafika hajamaliza, kwa hiyo zungusheni zamu kila wiki, wa mwisho awe wa kwanza. La pili, watoto 48 wanachanganya. Chora jedwali la mistari 12 na safu 4, jaza jina linapotajwa tu, usinakili orodha kutoka mtandaoni maana orodha hizo zinaonyesha nani alikufa lini. La tatu, kama kuna wanafunzi wa kidato cha nne msianze Septemba. Novemba wana mtihani wa taifa, na mtawakosa hasa sehemu ya tatu.

#21 Fundi_Jalada
Wanane kwa nakala mbili, ifikapo wiki ya tano mgongo wa kitabu umeachia. Ngoja nieleze mapema.

Vitabu hivi vya jalada laini havijashonwa, vimebanwa kwa gundi tu. Joto na unyevu wa pwani vinailegeza, mtu akikikunja nyuma kama gazeti gundi inakatika katikati, kwa kawaida karibu na ukurasa wa 200, kisha kurasa zinatoka mojamoja. Kurekebisha: ng'oa jalada taratibu, kwangua gundi ya zamani kwa kisu butu. Gonga kurasa juu ya meza mpaka zikae sawa mgongoni. Zibane kati ya mbao mbili, mgongo utokeze milimita 2 tu. Piga msasa wa namba 120 kidogo karatasi ishike. Paka gundi nyeupe ya mbao kwa brashi, subiri dakika 30, paka tena, na kabla haijakauka laza juu yake ukanda wa bandeji ya hospitali. Rudisha jalada, weka uzito, acha saa 12.

Msitumie ile gundi ya kukauka sekunde moja. Inakuwa ngumu kama kioo, ukifungua kitabu inapasuka na kuondoka na karatasi. Selotepu nayo inageuka njano na kuacha utelezi. Kikilowa, kianikwe kivulini kikiwa kimesimama wima, kurasa zimeachana. Juani kitajikunja na hakitanyooka tena.

#22 Kivinje_Moja
Huyu fundi ndiye pekee aliyesema jambo la maana humu.

#23 Masasi_Mpya
Asanteni sana. Swali la mwisho: anayetuuzia Dar anatuma kwa basi, bei ni nusu ya wengine. Nimwamini?

#24 Fundi_Jalada
Bei nusu, uliza picha kabla ya kulipa. Ukurasa wa hakimiki wenye namba ya ISBN, ufananishe na ya nyuma ya jalada. Picha ya mwanzo wa sura ya 10 na ya 19, maana pale pana ukurasa wa kutenganisha sehemu, na wanaonakili kwa mashine huuruka kubana karatasi. Picha ya ukurasa wowote wa katikati ukiwa umelazwa: nakala bandia mistari hupanda upande mmoja, herufi za ndani karibu na mgongo hufifia. Kikifika, hesabu kurasa pale pale kwenye ofisi ya basi, usingoje ufike Masasi.

#25 Mzee_Mikindani
Na nakala bandia ni kosa kwa Sheria ya Hakimiki ya 1999, tusisahau. Ingawa mtoto wa Wilaya ya 12 angenunua.

#26 Korosho_Ghafi
Mzee leo umekuja upande wetu.

#27 Mzee_Mikindani
Sijaja popote. Bado nasema Effie hakupaswa kuwemo. Mwl, hujanijibu kuhusu Plutarch: mtu anayerekodi zile picha za uongo kwa ajili ya Capitol, unamwaminije miaka 25 baadaye akiongoza mapinduzi?

#28 Mwl_wa_Ndanda
Hilo lifunguliwe uzi wake, mzee. Nitakuja na sura.